Pembe Mbili za Idsowe

Tuneya alipofika Golbanti, Hiribae alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, mkewe Kibibi akimkanda kiuno kwa majani ya mbono yaliyopashwa moto. Hakuinuka. Alimsikia mgeni akipiga hodi, akamsikia Kibibi akimkaribisha.

"Mwambie nimeacha," alisema bila kugeuza shingo.

"Hajasema amekuja kwa nini," Kibibi alijibu.

"Hakuna anayekuja hapa kwa jambo jingine."

Na kweli, hakukuwa na jambo jingine. Hiribae alizaliwa mtoto wa mchimba visima, akarithi jembe, sululu na maumivu ya kiuno. Lakini kando ya Mto Tana, tangu Golbanti mpaka juu ya Garsen, watu hawakumjua kwa visima. Walimjua kwa vitu vilivyozikwa.

Miaka ya ujana wake, watu wa mtoni waliishi roho mkononi. Ngoma ya kuonya kwamba wavamizi wanakuja ikilia, kila nyumba ilizika kile isichoweza kukibeba, kisha wakaingia mitumbwini na kukimbia. Wengine hawakurudi. Waliorudi walikuta mto umewatangulia. Tana ikifurika haiondoki hivi hivi. Inaacha tope, tope linakauka, na juu yake mtu mwingine anapanda migomba. Kitu kilichozikwa usawa wa kifua, baada ya mafuriko matatu kinakuwa chini kuliko kimo cha mtu. Mwenyewe anasimama juu yake asijue.

Siku moja, akichimba kisima cha watu, Hiribae alitoa chungu kilichojaa vikuku vya fedha. Habari zikaenea. Alikuwa bado kijana wakati huo, akafurahi kuitwa huku na huku. Mhunzi mmoja wa Kau alimfulia mtaimbo mwembamba kutoka kwenye mtutu wa bunduki mbovu, mrefu kumpita yeye mwenyewe, na kwa miaka mingi akajifunza kusikiliza kwa viganja. Jiwe hulia. Mzizi hung'ang'ania chuma. Chungu hutoa mlio mtupu. Pembe ya ndovu hailii kabisa. Huurudisha mtaimbo mkononi polepole, kama mtu aliyegonga goti la mwenzake.

Alichoshindwa kukizoea ni watu. Pale Ngao aliwatolea ndugu wawili sanduku la baba yao, na kabla hajamaliza kupanda kutoka shimoni mmoja alikuwa amekwisha mpasua mwenzake kichwa kwa mpini wa jembe. Tangu siku hiyo, kila alipochimba, alisikiliza juu kuliko chini. Sasa alikuwa na miaka hamsini na ushei, kifua kinambana kila asubuhi, na mtaimbo ulikuwa umeegemezwa nyuma ya nyumba, kuku wakilala juu yake.

Tuneya hakumwomba. Alikaa chini kivulini, mama wa makamo, mwembamba, miguu imejaa vumbi la siku tatu. Kibibi alimpa maji, akamlisha. Alasiri Hiribae alipotoka nje akijikokota, alimkuta bado ameketi.

"Mama, mimi si mtu wa kazi hiyo tena," alisema. "Mwili umekataa."

"Nimesikia, mzee."

"Basi unangoja nini?"

"Sina pengine pa kwenda," alisema Tuneya. "Nikirudi mikono mitupu, ni yale yale."

Ndipo akaeleza, bila haraka, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Miaka kumi na mmoja nyuma yeye na mumewe waliishi karibu na Idsowe. Mumewe alikuwa ametunza pembe mbili za ndovu, mali ya ukoo wao wote, iliyowindwa na baba zao. Siku wavamizi waliposhuka kutoka bara, alizizika uani pamoja na sufuria ya shaba yenye vitu vya mkewe, akampakia mke mtumbwini, akarudi kuchukua mkuki. Hakuonekana tena. Tuneya alikimbilia kwa wakwe zake huko juu mtoni. Walipomuuliza pembe ziko wapi, alisema zimezikwa. Walipotuma watu kuangalia, hawakuona ua wala nyumba, ila tope tupu.

"Shemeji yangu Uledi akasema nimeziuza kwa wafanyabiashara wa Kau," alisema. "Tangu siku hiyo sikuitwa tena kwenye jambo lolote la ukoo. Nikipika, chakula changu hakiliwi mbele za watu. Nikipita, wanawake wananyamaza. Miaka kumi na mmoja, mzee. Pembe zenyewe mimi sizitaki. Nataka wazione, basi."

Hiribae aliegemea ukuta. Watu wengi walikuwa wamemwahidi sehemu ya mali. Huyu hakuahidi kitu. Alipumua kwa shida, akamgeukia mkewe.

"Fukuza hao kuku," alisema.

Kibibi aliwafukuza, lakini mtaimbo ulipotoka aliuweka chini kwa kishindo ili mumewe ajue hajapenda.

Walipanda mto kwa mtumbwi, kisha wakatembea, maana pale Idsowe mto wenyewe ulikuwa umehama. Uliacha njia yake ya zamani na kwenda mwendo wa saa nzima upande wa pili. Walipofika mahali Tuneya alipodhani ndipo, alisimama akageuka kila upande.

"Sipajui," alisema. "Mto ulikuwa hapa. Palikuwa na mkuyu. Sipajui kabisa."

Sasa palikuwa na ua wa miiba, vibanda viwili vya nyasi vya mviringo, mbuzi wachache na shamba la mahindi. Mwenye ua aliitwa Sabdio, Muorma mrefu aliyeinama mabega. Zamani alikuwa mtu wa ng'ombe. Sotoka ilipopita iliwaua wote kwa mwezi mmoja, naye akajifunza jembe ukubwani. Yeye na mkewe Batula walikuwa na miaka sita pale. Kiswahili chake kilikuwa cha kuunganisha, lakini hakikukosa kueleweka.

Alisikiliza shida yao mpaka mwisho, akimpa Hiribae kigoda na yeye akichuchumaa.

"Mimi sikuchukua kitu ya mtu," alisema. "Nilikuja, hapa tupu."

"Hakuna anayekushuku, ndugu yangu," Hiribae alimjibu. "Tunaomba ruhusa tu ya kuchimba."

Sabdio alitazamana na mkewe. Batula alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa, uso umefungwa.

"Ua yote chimba," Sabdio alisema mwishowe. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kichuguu kidogo cha udongo kwenye kona ya ua, kilichozungushiwa miiba mikavu. "Pale hapana. Pale mtoto yetu iko."

Ilikuwa mwaka wa mafuriko, alieleza. Maji yalizingira kila mahali, kwenda makaburini hakukuwezekana, na pale pekee palikuwa pakavu. Jina lake lilikuwa Darmi. Alikuwa na miezi saba.

"Hatutapagusa," Hiribae alisema.

Kwa siku mbili alichimba mashimo ya magoti, mstari kwa mstari, na kutoka chini ya kila shimo akazamisha mtaimbo. Alipouchomoa aliunusa ncha, akausugua udongo kati ya vidole. Juu palikuwa na tope la kijivu, chini yake utando wa mchanga, kisha tope tena. Kiuno kilimuuma hata akawa anachimba akiwa amepiga magoti. Tuneya alizoa udongo kwa kikapu bila kusema neno. Sabdio naye, baada ya kuwatazama asubuhi nzima, alikuja na jembe lake akaanza kusaidia.

Siku ya tatu mtaimbo ulitoka na weusi. Hiribae aliunusa, akamwonyesha Tuneya.

"Makuti yaliyoungua," alisema. "Nyumba yako iko chini ya miguu yetu."

Wakapanua shimo. Kwenye ile ardhi nyeusi yalitokea mafiga matatu, bado yamekaa kama yalivyoachwa. Tuneya alishuka, akaweka kiganja juu ya figa moja.

"Hili lilikuwa linayumba," alisema. "Nililiwekea kigae chini."

Hiribae alipitisha kidole chini ya jiwe, akatoa kigae cha chungu. Tuneya akakishika, akakigeuzageuza, akakifunga kwenye pindo la kanga yake.

Baada ya hapo kazi ikawa ya maswali kuliko jembe. Hiribae alikuwa amejifunza kwamba mtu hafichi mali mahali palipojificha. Huificha mahali anapoweza kupaona akiwa amelala.

"Mlango ulielekea wapi?"

"Mtoni. Ule wa zamani."

"Mumeo alilala upande gani?"

"Karibu na mlango."

"Akilala, akaangalia nje, aliona nini?"

Tuneya alitahayari kidogo. "Uchaga wetu wa mahindi. Alikuwa akisikia panya kila saa."

"Kutoka mafigani mpaka uchagani, hatua ngapi?"

Tuneya alifumba macho. Alitembea juu ya ua wa Sabdio kama mtu anayekwenda kuchukua mahindi, akikwepa vitu ambavyo havikuwepo tena. Alipofumbua macho alikuwa amesimama mbele ya ile miiba mikavu.

Hiribae alisogea, akapiga magoti hatua mbili nje ya miiba, akaanza kuzamisha mtaimbo kwa mshazari, polepole, chini kabisa ya mahali alipokadiria kuwa mtoto amelazwa. Uliingia mpaka ukabaki mpini tu. Kisha ukagusa. Hakusikia mlio. Chuma kilirudi mkononi taratibu. Alijaribu mara ya pili, kiganja kimoja kushoto, ikawa vile vile.

Akauchomoa, akaenda kukaa kivulini mwa kibanda.

Mchana ule hakula. Hakuna jambo jepesi kuliko kusema mto umechukua. Alikuwa amelisema mara nyingi, na mara nyingi lilikuwa kweli. Sabdio angelala salama. Batula asingejua kitu. Yeye angerudi kwa Kibibi na mkeka wake. Tuneya angeinama, aseme "nimesikia, mzee," na arudi juu mtoni kwa wanawake wanaonyamaza akipita. Alijiona mzee kuliko miaka yake. Alitamani mtu mwingine aje aamue, lakini mtaimbo ulikuwa mikononi mwake peke yake.

Jua lilipopinda alimwita Sabdio.

"Ndugu yangu, sitakuficha. Ziko chini ya mtoto. Si pamoja naye. Ziko chini zaidi, karibu nusu ya kimo cha mtu."

Sabdio alifuta uso kwa kiganja. "Mimi nilisema pale hapana."

"Ulisema. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

Batula alikuwa amesikia. Alitoka kibandani, akampita mumewe, akaja kusimama mbele ya Hiribae.

"Wewe ni mchimba kisima?"

"Ndiyo, mama."

"Kisima inakwenda chini. Inaweza kwenda pembeni?"

Hiribae alishangaa kwamba jibu lile lilikuwa limekaa kichwani mwake mchana kutwa na hakutaka kulitazama. Kuchimba shimo kando, kisha kupenya ubavuni chini ya kaburi, pembe zitoke kwa chini na mtoto abaki alipo. Aliwahi kufanya hivyo mara moja kisimani, akiwa na miaka ishirini na tano, na udongo ulimfukia mpaka kifuani.

"Inaweza," alisema. "Ikianguka, itaniangukia mimi."

"Na ikianguka, mtoto yangu ataanguka pia," alisema Batula. "Basi chimba vizuri."

Wapita mtoni walikuwa wamempelekea Uledi, shemeji wa Tuneya, habari tangu siku ya kwanza ya uchimbaji, naye akafika kabla shimo halijafika kiunoni. Alikuja kwa mtumbwi, mzee mnene kidogo mwenye kanzu safi, akaketi kivulini. Hakumsalimia Tuneya. Alipoelezwa kwa nini shimo linapitia ubavuni namna ile, alitikisa kichwa.

"Fundi, mbona unajitesa? Fungua kwa juu. Ni nusu siku. Mtoto wa watu tutamhamisha kwa heshima zote."

Batula alikuwa amekwisha ondoa upande mmoja wa miiba, akaingia, akaketi juu ya kaburi la mwanawe, miguu ameikunja, ushungi ameushusha mpaka machoni.

"Mama, uzito wako utanishukia," Hiribae alimwambia kutoka shimoni.

"Udongo ikisogea, mimi nitajua kwanza," alisema Batula. "Nitakupigia kelele utoke."

Hakusogea siku ile yote, wala siku iliyofuata. Tuneya alimpelekea maji, akamfunika kwa kanga yake jua lilipokuwa kali. Walikuwa hawana maneno mengi ya kupeana, mmoja wa mtoni na mwingine wa mbugani, ila Tuneya alikaa naye pale kila alipopata nafasi, nje ya miiba.

Chini, Hiribae aliingia ubavuni kwa tumbo. Sabdio alimkatia magogo ya mkoma, na kila alipopenya urefu wa mkono mmoja aliweka nguzo mbili na boriti juu yake. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa na unyevu, unashika, na hilo lilikuwa bahati. Hewa haikumtosha. Alichimba kidogo, akatoka kupumua, akarudi. Kila punje iliyomdondokea shingoni ilimsimamisha. Alimsikia Batula juu yake akikohoa, karibu sana, kana kwamba wametenganishwa na mlango tu, na katikati yao alikuwa yule mtoto. Alijikuta akichimba taratibu kama mtu asiyetaka kumwamsha mtu.

Kisha jembe likagusa shaba.

Sufuria ilitoka kwanza, kijani kibichi, imejaa tope. Ushanga wa kaharabu ulikuwa umekatika uzi na kutawanyika humo ndani. Nyuma yake, zimelala ubavu kwa ubavu, zilikuwa pembe mbili. Alizifungia kamba, akaivuta ya kwanza kinyumenyume kwa kisigino na kiwiko, kisha ya pili. Alipotoa kichwa nje hakuweza kusimama. Sabdio alimshika kwapani, akamvuta juu kama gunia.

Uledi aliinuka. Alizunguka zile pembe. Zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawa na moja ina ufa, lakini karibu na shina alama ya ukoo, mikato mitatu na nukta, ilionekana wazi. Aliipitishia kidole. Tuneya alisimama hatua chache mbali, mikono imejaa udongo, akimtazama usoni. Hiribae naye, akiwa chini amelala chali, alimtazama. Alijua kwamba mama yule hakutembea siku tatu kwa ajili ya pembe, alitembea kwa ajili ya neno moja ambalo mzee huyu sasa angelazimika kulisema.

Uledi aliinua pembe moja, akaipima kwa mikono.

"Zilikuwa nzito zaidi," alisema.

Kisha Tuneya akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha wala cha hasira. Alicheka kwa uchovu, mabega yakitikisika, mpaka akalazimika kuketi. Uledi alinung'unika, akawaita wapiga kasia wake, wakazibeba pembe kwenda mtoni. Wale wapiga kasia walikuwa vijana wa ukoo. Mmoja wao, akimpita Tuneya, alisimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," Tuneya alijibu.

Salamu hiyo ndiyo aliyoipata. Baadaye alimwambia Hiribae kwamba wale vijana wangesimulia huko nyumbani walichokiona, na kwamba vijana ndio watakaobaki.

Mtu mwingine angedhani kazi imekwisha. Kwa Hiribae ndiyo ilianza. Lile pango chini ya kaburi halikuweza kuachwa wazi. Magogo yangeoza, na mvua ya kwanza ingemshusha mtoto. Ilibidi kulijaza, na kulijaza si kutupa udongo. Unauingiza kwa viganja, unaushindilia kwa mchi, unarudi nyuma kiganja kimoja, unaingiza tena. Kuzitoa zile pembe kulichukua siku moja tangu aanze kupenya. Kujaza kulichukua tatu. Hakukuwa na mtazamaji. Sabdio alilowanisha udongo, Tuneya akaubeba kwa kikapu, Hiribae akaingia kwa tumbo na mchi, akagonga, akatoka, akaingia. Siku ya pili alikohoa damu kidogo, akaifukia kwa mguu asiwaambie.

Batula hakuondoka juu ya kaburi mpaka alipoambiwa shimo limejaa. Alishika ardhi kwa viganja vyote viwili, akabonyeza hapa na pale, akasikiliza. Kisha akasimama, miguu imekufa ganzi, Tuneya akamshika mkono. Tuneya alikuwa ameosha zile kaharabu akazitunga upya kwenye nyuzi mbili. Uzi mmoja aliuvaa. Wa pili alimvika Batula bila kumuuliza, na Batula hakuuvua.

"Mzee, ingia ndani ulale," Sabdio alimwambia Hiribae. "Kitanda ya mimi."

Hiribae alitaka kukataa, kwa kuwa alikuwa tope tangu utosini. Hawakumpa nafasi. Batula alimletea maziwa, akanywa nusu, akalala mchana kweupe na kuamka siku ya pili jua limepanda, mwili mzima ukimuuma kama uliokanyagwa na ng'ombe.

Sabdio alimsindikiza mpaka mtoni akimbebea mtaimbo begani. Njiani walikwenda polepole, wakisimama kila Hiribae alipotaka pumzi. Walipofika, Sabdio alimsaidia kuingia mtumbwini, akamtandikia nyasi mgongoni, akamkabidhi chuma chake.

"Watu wakikuita tena?" aliuliza.

"Nitawaambia nimeacha," Hiribae alisema.

"Watasikia?"

Hiribae aliulaza mtaimbo mapajani. Mwenye mtumbwi alisukuma upondo, maji yakawachukua, naye Hiribae akafumba macho kabla hawajapita kona ya kwanza.